Farasi wa Miguu Saba

Ijumaa, tarehe 3 Oktoba 2025. Asubuhi hiyo Doha iliamka na unyevu wa kulowesha kola. Upepo haukuwepo, na vioo vya magari vilitoka jasho kama binadamu.

Philipo, dereva wa familia moja ya mtaa wa Abu Hamour, alikuwa akimsubiri madam nje ya duka la fundi cherehani, simu mkononi. Akaona video ya Kiriani, mji mdogo wa milimani huko nyumbani Kenya. Zamani walowezi walishindanisha farasi pale. Uhuru ulipokuja, uwanja ukapandwa viazi. Sasa vijana wa mji wameng'oa viazi, wakafufua mbio, na shindano kubwa litakuwa Jumatatu ya Pasaka.

Mtu mwingine angeona historia. Philipo aliona mablanketi.

Alikuwa amemchumbia Kawira, mhudumu wa hoteli hapohapo Doha. Baba mkwe alikuwa na sharti moja: kabla ya Pasaka, kila mzee wa ukoo apate blanketi zito la Ghuba, lile lenye picha ya simba. Na katika ukoo ule wazee hawafi. Kawira naye hakuficha neno. "Pasaka ikipita bure," alimwambia, "kuna mwalimu kule nyumbani ambaye ameshauliza mara mbili."

Mungu humpa kila mja ulimi mmoja. Philipo alipewa na wa akiba.

Mchana, baada ya ibada, Wakenya na Waganda walikusanyika kama kawaida chumbani kwa Tony, mlinzi wa maduka, kule mtaa wa Najma, kula ugali.

"Mwajua babu yangu alikuwa nani?" Philipo aliuliza, akinawa mikono.

"Mwizi wa kuku," Tony akasema.

"Mpanda farasi. Kiriani nzima ilimjua. Mzungu akimwona juu ya farasi, anavua kofia."

Babu huyo, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa baiskeli.

"Sasa mbio zimerudi," Philipo akaendelea, "na mimi nina farasi. Anaitwa Mshindi wa Bwana. Nauza miguu."

"Miguu ya farasi huliwa?"

"Ni hisa, Tony. Ukiwa na mguu, una fungu lako la ushindi. Na sitaki pesa, pesa huleta maneno kati ya ndugu. Nataka mablanketi. Kiriani kuna baridi, na farasi wa mbio akikohoa, amekwisha."

Hadijah, mpishi kutoka Kampala, aliinua macho kutoka sahanini. "Farasi mmoja anajifunika mablanketi mangapi?"

"La kulalia, la kujifunika, na la wageni."

Wahenga walituonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Hawa waliuziwa farasi, na hata gunia halikuwepo. Tamaa ilifanya yaliyobaki. Mwezi haukuisha kabla Philipo hajauza miguu saba, kila mmoja kwa siri, na karibu yote ilikuwa ule wa mbele kulia, kwa kuwa ndio ambao watu waliutaka. Damaris, yaya wa makamo mwenye sala ndefu, alipofika aliambiwa miguu imekwisha. Akachukua mkia. Hakucheka. Alisema tu, "Bwana asifiwe," akaleta mablanketi yake.

Philipo alikuwa amesahau mambo mawili. Kwanza, hakumwuliza Damaris anatoka wapi. Pili, Wakenya wawili wakipotea jangwani, kabla ya kutafuta maji watachagua mwenyekiti na mweka hazina.

"Kitu cha watu hakiendi bila viongozi," Damaris alisema Ijumaa iliyofuata, na watu wakaitika amina. Tony akawa mwenyekiti, Hadijah katibu, Damaris mweka hazina. Philipo akapewa cheo cha mlezi, ambacho ni kikubwa sana na hakina ufunguo.

"Auntie, mablanketi nitayapeleka mwenyewe nikienda likizo," akajaribu.

"Mlezi habebi mizigo, mwanangu. Itakuwa aibu kwetu. Kaka yangu yuko palepale Kiriani, nimeshampigia."

Ndipo Philipo akajua Damaris anatoka wapi.

Mablanketi yalisafirishwa. Ijumaa moja ya Januari, chumba kikiwa kimejaa na Kawira ameleta sambusa, Damaris aliinua simu yake.

"Mzigo umefika. Kaka yangu ndiye anayemtunza farasi wetu. Huyu hapa."

Mnyama alikuwa na masikio marefu, tumbo la kubeba magunia ya makaa, na uso wa mtu aliyesamehe mengi. Philipo alimjua mara moja kuwa ni punda. Nyuma ya punda palikuwa na duka lililopakwa rangi juzi, na ndani yake simba wa mablanketi, waliokunjwa vizuri, walipanda hadi darini. Watu wote walimtazama mnyama. Philipo peke yake alitazama duka.

Akafungua kinywa. Lakini akisema punda, wataomba awaonyeshe farasi. Akakifunga.

"Ndiye, mlezi?" Damaris aliuliza kwa upole. "Au kaka yangu amekosea?"

"Ndiye," akasema Philipo.

"Masikio je?" akauliza Tony.

"Ya milimani. Hukamata upepo."

"Basi ule wa mbele kulia ni wangu," Tony akasema. Watu wanne wakasema, "Wangu."

"Ndio unaotangulia," Philipo akasema haraka. "Lazima uwe na wenyewe wengi."

"Na nani atampanda?" Hadijah akauliza.

"Mjukuu wa mpanda farasi si huyu hapa?" Damaris akajibu. "Na likizo yake ni Pasaka. Mungu hapangi ovyo."

Kawira akaweka sinia chini. "Baba amesikia habari za farasi, na za babu mpanda farasi. Anasema mablanketi basi. Wazee watakuja uwanjani. Mkwe akimaliza mbio juu ya farasi wake, posa imetimia. Akianguka njiani, mwalimu bado anauliza."

"Simama useme, mwanangu," Damaris akasema, "mbele za Mungu na mashahidi hawa."

Philipo akasimama. Aliutazama ule uso uliosamehe mengi, akamtazama Kawira.

"Mimi Philipo, Jumatatu ya Pasaka, nitampanda Mshindi wa Bwana, na nitafika mwisho kabla ya..."

"Kabla ya nani?" Tony akauliza.

"Kabla ya giza," akasema Philipo. "Naahidi."