Nyaya Nyekundu

Jumatatu, 6 Oktoba

Taa ya ukumbini imeanza kupepesa. Shemeji yangu Ridha, kaka wa mke wangu, kafungua swichi bila kuombwa. Kainusa. Kasema nyaya zote za nyumba hii zimevikwa kitambaa kilichooza, lazima zing'olewe. Ni fundi umeme, mtaa mzima wa Halfaouine unajua, hana haja ya kujitangaza ukumbini kwangu. Beya, mke wangu, akasema basi Ridha afanye. Nikakataa. Sikukuu iliyopita, mbele ya watu, Ridha alisema mimi sitofautishi bisibisi na kijiko. Nitafanya mwenyewe. Ijumaa wazazi wa Skander wanakuja kumposea kijana wao binti yangu Ines. Watakaa chini ya taa zangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimenunua waya. Muuzaji akauliza fundi ni nani. Nikasema mimi. Akanitazama mikono. Nimechukua mwekundu mtupu, kazi ipendeze. Nimezima umeme, nimeng'oa nyaya za zamani kuanzia jikoni hadi chooni. Sikuziwekea alama. Nina kumbukumbu nzuri.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimewasha. Umewaka! Ila swichi ya jikoni inawasha taa ya chooni, na mtu akibonyeza kengele ya mlangoni, jokofu linazimika. Ines kauliza, "Baba, nikienda chooni nimwache nani jikoni?" Beya kacheka mpaka akakaa chini. Sikumlea Ines awe na mdomo huo. Ni damu ya mjomba wake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Swichi kuu ilikuwa inajikata kila mara. Nimeiunga kwa kipande cha waya ili itulie. Ikatulia.

Wakati wa chai Mama yangu, tunayekaa naye, alifungua bomba la jikoni. Umeme ukamrusha. Nilimkuta sakafuni, ameushika mkono wake kama kitu cha mtu mwingine. Hakulia. Alisema tu, "Lamjed, mwanangu, zima hicho kitu."

Nikazima.

Beya hakunigombeza, na hilo ndilo baya zaidi. Alikusanya nguo za Mama, akawachukua yeye na Ines, wakaenda kwa Ridha. Nyumba imebaki kimya. Lakini tuseme ukweli, kosa jingine ni la bomba. Nani aliweka bomba la chuma?

Ijumaa, 10 Oktoba

Niliamka kurekebisha, ili wageni wapokelewe hapa, nyumbani kwa baba wa binti. Beya akapiga simu kusema wageni wameelekezwa kwa Ridha, nioge niende. Nikamwambia bado kidogo tu, namalizia. Nilipofika, nina vumbi la plasta hadi kwenye nyusi, Fatiha ya uchumba wa mwanangu ilikuwa imeshasomwa. Watu walikuwa wanajipangusa nyuso kwa viganja.

Ridha akasema, "Tumekungoja sana, shemeji," akanyanyuka anipishe kiti chake. Hila tupu. Kiti chenyewe kilikuwa na joto lake. Mama yake Skander akaniuliza, kwa upole, kama mimi ndiye jirani. Ines alikuwa anaangalia zulia. Nikala kipande cha keki ya baklawa. Ilikuwa kavu.

Jumapili, 12 Oktoba

Ridha kaja na mafundi wenzake. Wamening'olea kazi yote, wameirundika uani. Sasa kila swichi inawasha taa yake. Ndivyo swichi zinavyotakiwa kufanya, sioni cha kushangilia. Beya kawapikia kuskusi ya samaki. Mimi sijawahi kupikiwa kuskusi ya samaki kwa kazi yoyote.

Mama amerudi. Bomba analifungua kwa kushikia kitambaa. Nikamwomba radhi. Akasema, "Hata zile nyaya za mwanzo alizitandika baba yako mwenyewe. Alimfukuza fundi. Nimeishi na hofu humu ndani tangu nilipokuwa bibi harusi."

Nimefarijika sana. Kumbe ni kipaji cha ukoo.

Alasiri Beya kasema anasikia harufu ya gesi karibu na jiko, tumwite fundi. Nimemwambia asimsumbue mtu. Mpira wa gesi ni mpira tu, hauna hata rangi za kuchanganya. Huu wa zamani nimeshaukata.