Volti Kumi na Tisa

Jumatatu, 6 Mei

Wiki ya kumi na moja. Mke wangu alikwenda kwa binti yetu kumpokea mjukuu, akasema wiki sita. Mjukuu kapokelewa, kanenepa, sasa anaitambua hata feni. Bibi yake bado yuko huko.

Nimempigia asubuhi kumuuliza atarudi lini. Alipopokea nikajikuta namuuliza mfuniko wa sufuria ndogo uko wapi. Akasema uko juu ya sufuria ndogo. Ulikuwepo kweli. Tukaagana.

Uamuzi: nitamfuata mwenyewe, kwa gari letu. Lina miaka thelathini na mbili, na ndilo lililomleta binti huyo huyo nyumbani kutoka hospitali akiwa na siku mbili. Gari kama hilo likienda kumchukua mtu, tena linang'aa, hawezi kusema ngoja kwanza. Ndiyo maana wiki iliyopita nilifungua boneti nikapaka rangi nyeusi kila kitu kisichozunguka. Kuta, mabano, visanduku, vichwa vya skrubu. Kazi safi. Nilikaa masjala miaka thelathini na moja, najua kazi safi ikoje.

Tatizo dogo: tangu jana nasikia harufu ya mayai yaliyooza. Nimetupa mayai yote ya jikoni, sita, mazima. Harufu haikubanduka. Inatoka kwenye gari. Na taa za mbele zimeungua balbu zote mbili siku moja, kama zilizopatana.

Chai ya jioni ilikuwa na chumvi. Mkebe umeandikwa kwa mkono wake: SI SUKARI. Nilikuwa nautazama mwandiko, sikuusoma.

Jumanne, 7 Mei

Shemeji kaja bila kualikwa. Ni mdogo wake mke wangu, dereva wa gari la wagonjwa, na kila anachokiona anakiona kama mgonjwa. Kainua boneti, kanusa, kasema betri inachemka kwa sababu inachajiwa kupita kiasi, na kwamba nimpe dakika tano alete mita apime. Nikamshukuru, nikamwambia nimeshalitambua tatizo.

Sikuwa nimelitambua. Lakini mtu huyu humsimulia dada yake kila kitu. Sitaki ijulikane huko kwamba wiki kumi na moja peke yangu zimenishinda mimi na gari.

Alipotaka kukaa kiti cha abiria ili tulijaribu gari barabarani, akashika kile chuma cha kusogeza kiti nyuma. Nikamzuia. Kiti kile mke wangu alikipanga kulingana na miguu yake na hakijaguswa tangu aondoke. Shemeji alizunguka mtaa mzima magoti yakiwa usawa wa masikio. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Alipoondoka nikafungua vifuniko vya betri. Imekauka. Basi ni kiu tu! Nimeijaza maji ya betri mpaka juu. Kesi imefungwa.

Jumatano, 8 Mei

Kesi imefunguka. Maji yameruka, yamelamba rangi yangu mpya upande wote wa kushoto, na betri imevimba mbavu kama mtu aliyevaa shati la mwanawe.

Nikafikiri kwa makini. Kama tatizo ni umeme kuingia mwingi, dawa ni kuutumia. Saa sita mchana nikafunga balbu mpya, nikatoka barabarani na taa zote zikiwaka, kali kuliko kawaida, wipa zinafuta kioo kikavu, feni ya ndani mpaka mwisho, redio juu. Redio iko kwenye stesheni ya mke wangu, ile ya mashairi ya maombolezo na salamu za wagonjwa. Sijaibadilisha. Nilikwenda polepole ili umeme upate muda wa kutumika.

Baada ya mtaa wa pili nikaona kwenye kioo gari nyuma yangu limewasha taa. Halafu la pili. Kufika kwenye mzunguko yalikuwa saba, yote taratibu, yote na taa, na mzee mmoja kando ya barabara alivua kofia. Nikaingia kituo cha mafuta, wote wakaingia. Mwanamke wa gari la kwanza akashuka akanipa mkono, akaniuliza kwa upole marehemu alikuwa nani wangu.

Nikasema betri. Akadhani nimechanganyikiwa kwa huzuni. Akanishika bega kwa muda mrefu. Naona aibu kuandika kwamba sikutaka aondoe mkono.

Balbu mpya zimeungua.

Saa kumi na moja jioni simu imelia. Mke wangu! Shemeji alishamweleza. Akauliza maswali: harufu ni wakati wote au ukikanyaga mafuta? Waya wa alternata umekazwa? Umejaribu kumuona fundi umeme? Anajua gari lile kuliko mimi, alikuwa akienda nalo kazini miaka kumi na minne. Nikajibu kirefu. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia, yeye akawa anambembeleza huku ananisikiliza, sauti moja kwa wawili.

Tumezungumza dakika kumi na nne. Mfuniko ulipata sekunde arobaini.

Ijumaa, 10 Mei

Nimelipeleka gari kwa fundi umeme, yule mama wanayemwita Mama Waya, mwenye miwani ya kamba na karakana isiyo na hata karatasi moja sakafuni. Nilitaka kumweleza nadharia zangu. Akanionyesha benchi.

Akapima betri gari likiwa limezimwa. Akaliwasha, akapima tena. Akaniambia nikanyage mafuta kidogo, mita ikapanda mpaka volti kumi na tano nukta saba. Akasema gari hili halitakiwi kuvuka kumi na nne na nusu. Nikauliza kama ni alternata inayozalisha umeme mwingi. Akasema alternata inafanya inachoambiwa. Anayeiambia ni reguleta, kile kisanduku kilichofungwa kwenye ukuta kule ndani.

Akaweka waya mmoja wa mita kwenye kisanduku na wa pili kwenye hasi ya betri. Ilitakiwa isome sifuri. Ikasoma moja na nusu. Akachukua bisibisi, akakwangua chini ya mguu wa kisanduku, akaniita nione. Rangi nyeusi.

"Nani kapaka rangi hapa?"

Nikasema fundi fulani, simfahamu vizuri.

Akatazama kucha zangu.

"Mwambie huyo fundi wako, hapa chuma kinatakiwa kugusa chuma. Reguleta nzima kabisa. Ila haipati habari ya kweli kutoka kwa betri. Betri imeshiba, reguleta inadhani bado ina njaa, basi inaagiza umeme uongezwe tu."

Akapiga msasa mpaka pakawa peupe, akafunga skrubu, akapima. Kumi na nne nukta mbili. Akakanyaga mafuta mwenyewe, ikabaki hapo hapo. Betri ile ilikuwa imeshapikika, kwa hiyo nimefungiwa mpya. Hakuna harufu. Taa zinawaka kistaarabu.

Gari liko tayari. Naweza kuondoka kesho alfajiri.

Jumamosi, 11 Mei

Sikuondoka.

Nilifika hadi kwenye usukani. Nikakaa. Nikawaza: nifike, gari linang'aa, anikaribishe, halafu aseme bado kidogo. Nitarudije saa sita za barabara na kiti kile kitupu pembeni?

Isitoshe, amepiga Jumatano, Alhamisi na jana, zote kuuliza hali ya gari. Nikisema limepona atapigia nini?

Jioni kapiga. Nikamwambia mambo mabaya, kumi na sita nukta nne. Akasema pole sana. Dakika kumi na moja.

Jumapili, 12 Mei

Kumi na saba kamili. Akauliza fundi anasemaje. Nikasema fundi kashika kiuno. Akauliza nimekula nini. Hajaniuliza hivyo tangu aondoke. Dakika ishirini na mbili!

Shemeji kapita mchana akalikuta gari limewashwa uani. Akasikiliza, akasema linaunguruma vizuri sana, Mama Waya kalifanyia kazi nzuri. Sijui kajuaje. Mji huu hauna siri.

Jumatatu, 13 Mei

Saa moja jioni simu haijalia. Saa moja na nusu haijalia. Nikapiga mimi. Kwa vile ukimya unahitaji kitu kizito, nikamwambia imefika kumi na tisa.

Nikamsikia anafunga mlango.

"Baba watoto," akasema, "kwenye volti kumi na tisa ungekuwa huna hata taa moja iliyobaki nzima. Mdogo wangu kaniambia gari limepona tangu Ijumaa."

Nikaanza kueleza kwamba mita za siku hizi... Akanikatiza.

"Nisikilize. Binti anataka nikae mpaka mwisho wa mwaka. Nimemwambia nitamjibu leo. Wiki hizi zote unanipigia kuniuliza mifuniko. Mfuniko, ufunguo wa kabati, sabuni inakaa wapi. Nikaona labda umeshazoea kukaa bila mimi, shida yako ni vitu tu."

Nilikuwa nimesimama jikoni. Mikebe yote imepangwa vile vile alivyoiacha. Nilikuwa nimeandaa takwimu za volti za siku nne mbele, nimezipigia mistari. Nikaiangalia karatasi, hamkuwa na kitu cha kunisaidia.

"Rudi," nikasema. Sauti ilitoka vibaya.

"Sikusikia."

"Sijazoea. Sikuzoea hata siku moja. Rudi nyumbani."

Nikasikia anapenga kamasi.

"Njoo kesho," akasema. "Na usipite njia ya mkato."

Jumanne, 14 Mei

Nimepita njia ya mkato. Imenipeleka kwenye machimbo ya mawe, mlinzi akanigeuza. Saa nzima imepotea.

Nimemkuta amekaa juu ya begi lake mbele ya geti, na mkoba magotini, kama mtu anayesubiri ofisi ifunguliwe. Kapungua kidogo. Nywele za mbele zimeongeza mvi ambazo sikuwepo zikiingia. Nikataka kumwambia hilo. Nikamwambia barabara ilikuwa na vumbi.

Nimempakata mjukuu. Kanitapikia shati. Binti, wakati mama yake yuko ndani anachukua viatu, akaninong'oneza kwamba begi lile lilifungwa tangu wiki ya saba. Kila jioni mama alikuwa akilitoa chini ya kitanda, anapanga upya, analirudisha.

Wiki ya saba. Wiki ya saba mimi niliuliza sabuni.

Akaingia garini, akakaa, miguu ikatosha. Baada ya mwendo mrefu akasema gari linakwenda vizuri. Nikasema ndiyo. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu wa gia, ikawa taabu kubadilisha gia, nikaendesha muda mrefu kwenye ya tatu.

Alhamisi, 30 Mei

Wiki mbili za raha. Nyumba inasikika. Anaimba akifua, anakosea maneno yale yale. Jana nilikaa kwenye ngazi ya uani saa nzima nikijifanya nasoma gazeti. Nimejiahidi kuanzia sasa kusema jambo lililo moyoni wazi wazi, kama mwanamume, bila kuzungukazunguka. Nimemwambia hata Shemeji. Kasema ataliamini akiliona.

Leo wakati wa chakula cha mchana mke wangu kasema dada yake mkubwa anahama nyumba wiki ijayo na anaomba msaada wa kufungasha. Siku tano, labda sita. Akaweka kijiko chini, akanitazama usoni, akaniuliza kama nina neno lolote la kusema.

Nikasema sina kabisa. Siku tano ni nini? Aende kwa amani.

Akanitazama kidogo zaidi, halafu akaondoa sahani.

Nikatoka nje kuliangalia gari. Nikalizunguka mara mbili, nikachuchumaa. Gurudumu la mbele kushoto. Nikilitikisa kwa nguvu, na nikiweka sikio karibu sana, kuna mlio. Mdogo, lakini upo. Beringi, bila shaka. Gari la namna hiyo huwezi kumsafirishia mkeo, na kwenye basi sitaki apate shida. Linahitaji uchunguzi wa wiki mbili, pengine tatu.

Nimeshaandaa takwimu.