Disketi ya Kupima Kompyuta na Ng'ombe wa Mama Wakonyo

Jumatatu, 8 Machi 1999

Mkuu wa chumba cha kompyuta amestaafu. Chama chetu cha wafugaji, hapa Nyeri, kitachagua mwingine Ijumaa. Tuko wawili tu: mimi na Mbula. Jambo rahisi! Mimi nina cheti. Yeye ana miaka sita ya kupiga chapa majina ya ng'ombe.

Hata hivyo katibu, Bwana Mutahi, amemwachia Mbula neno la siri la msimamizi. Ati ashike tu kwa sasa. Nina disketi kutoka kwa binamu yangu wa Nairobi: programu ya kupima jinsi kompyuta inavyofanya kazi, na ni nani anayeilemea. Kompyuta kubwa ni moja, sisi tunaitumia kila mtu kwa skrini yake na jina lake.

Nikajaribu kuiweka. Ikakataa! Ikaandika kwamba sina ruhusa ya msimamizi. Nikamwomba Mbula aniandikie lile neno. Akasema mashine hii ni ya kuandika ng'ombe, si mgonjwa wa presha.

Vizuri. Mlango ukifungwa, nyumba ina madirisha.

Jumanne, 9 Machi

Ushindi! Ndani ya disketi mna programu ndogo inayofanya kazi papo hapo, bila kuwekwa kwenye mashine na bila kumwomba mtu ruhusa. Mistari ya kijani na nyekundu. Kazi safi.

Na majibu! Mzigo wa Kefa, yaani mimi: asilimia tisini na saba. Mzigo wa Mbula: hakuna. Hata jina lake halimo! Nikamtazama kwa pembe ya jicho. Anapiga chapa, ananyonya peremende, anajinyoosha mgongo kama aliyechoka. Maigizo matupu.

Orodha ya ng'ombe walio kwenye joto, wanaohitaji kupandishwa, ilichelewa. Kila asubuhi lori la maziwa hutuletea vikaratasi ambavyo wafugaji hufunga kwenye mikebe: ng'ombe wa fulani yuko tayari. Mbula huviingiza, kompyuta huvipanga kwa kufuata barabara, na saa mbili Wamae mpandishaji huondoka na orodha pamoja na mtungi wake wa mbegu za fahali nyuma ya pikipiki. Leo aliondoka saa tatu na nusu. Si ajabu. Ofisi nzima imebebwa na mtu mmoja.

Jumatano, 10 Machi

Nimeongeza ukali. Jana programu ilipima mara moja kwa sekunde. Leo mara kumi, nimnase Mbula akifanya angalau kitu kimoja. Hakunaswa! Mashine ikawa nzito ajabu. Unabonyeza herufi, unapiga chafya mbili, ndipo inatokea. Kisha nikachapa michoro yangu, kurasa kumi na nne, kwa ajili ya kikao cha Ijumaa. Printa ni moja. Orodha ikangoja.

Saa tano akaingia Mama Wakonyo wa Kiganjo, viatu vyake vya gambuti vimejaa matope. Ng'ombe wake Sofia analia tangu jana jioni. Kikaratasi alifunga kwenye mkebe mwenyewe, kwa uzi mwekundu. Daktari Wamae yuko wapi? Nikamtuliza kwa kumwonyesha michoro. Akavaa miwani, akaitazama kwa makini, akauliza Sofia ni mstari upi hapo.

Nikamweleza kwamba haya ni mambo ya kitaalamu. Akaniambia, "Kijana, joto ya ng'ombe haingojangi karatasi."

Alhamisi, 11 Machi

Orodha ya jana ilitoka jioni, kwa hiyo Wamae alifika kwa Mama Wakonyo leo asubuhi. Amechelewa. Joto limepita, Sofia ametulia, anatafuna nyasi za napia, hana habari na mtu. Sasa ni kungoja siku ishirini na moja mpaka lirudi! Mama ametuma salamu kwamba kesho atakuja kikaoni. Nimefurahi. Atakuwa shahidi wangu kuhusu uvivu wa ofisi hii.

Mbula ameandika orodha ya leo kwa mkono. Wamae akaondoka nayo saa mbili kasoro robo. Nimeiingiza kwenye ripoti: "Mbula hatumii kompyuta." Baadaye akaniuliza kama kuna kitu ninachoendesha kwenye mashine. Nikamjibu kwamba ninaendesha kazi, wengine wajaribu.

Ijumaa, 12 Machi

Nilivaa tai. Nikagawa michoro. Bwana Mutahi alishangaa sana, ati tisini na saba? Peke yako? Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mbula aliomba tu tusogee kwenye skrini yake. Akaandika lile neno la msimamizi, akaweka disketi yangu, akaianzisha kwa upande wake. Majina yote yakatokea! Kumbe asiye na ruhusa huonyeshwa kazi zake mwenyewe tu. Orodha ya ng'ombe: asilimia mbili. Na juu kabisa, kwa jina langu, asilimia tisini na saba: programu ya kupima, ile niliyoiacha ikiendelea kwenye skrini yangu.

Wamae alicheka mpaka akakalia mtungi. Akasema mimi ni kama mtu anayepima uzito wa mzigo akiwa amekaa juu yake. Mama Wakonyo hakucheka. Alisema Sofia akirudi kwenye joto, mimi ndiye nitakayemshikia mkia. Bwana Mutahi akaandika hilo katika kumbukumbu za kikao, chini ya uteuzi wa Mbula.

Jumatano, 31 Machi

Kiganjo. Nimeshika mkia. Yaliyonipata shatini sitayaandika. Wamae alimaliza kwa dakika nne, Mama Wakonyo akanipa chai, akaniambia mkono wangu si mbaya, nikaze tu.

Nilipata nafasi ya kufikiri pale nyuma ya Sofia. Kosa langu nimeliona, na ni dogo. Programu ile ilijiendea tu, hakuna aliyekuwa akiipima! Disketi aliyobaki nayo Mbula baada ya kikao ilikuwa nakala. Ninazo tatu nyingine. Kesho, kabla ya lori la maziwa, naanzisha programu mbili: ya kwanza ipime mashine, ya pili ipime ya kwanza.

Mara ishirini kwa sekunde.