Mkeka Unaosonya

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefungua darasa langu la yoga! Ghorofa ya pili, chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Nimefagia mwenyewe. Cheti kiko ukutani, kikubwa, chenye utepe mwekundu. Nimekichapisha duka la fotokopi, ndiyo, lakini elimu ni ya halali: nilisoma kwa Bi Kengele wiki tano kati ya sita. Wiki ya sita ilikuwa ya kujifunza kuwaamsha watu baada ya mkao wa maiti, ule wa mwisho, mtu analala chali, macho kafumba, viganja juu. Wiki nzima ya kuamsha watu! Hata mtoto mchanga anajua kuamka. Nikaacha.

Sasa Bi Kengele yuko chini yangu. Kwa maana ya jengo. Anafundisha ghorofa ya kwanza, saa ileile ya asubuhi, na ana wanafunzi kumi na wawili. Mimi nina watatu: kinyozi wa mtaani, ambaye mdomo wake haujapumzika tangu azaliwe, mama mapacha, anayeumwa mgongo, na dada yangu.

Dada amekuja kwa sababu moja. Halali usiku. Tangu tumzike shemeji, mwaka wa pili huu, anatazama dari mpaka kunakucha. Nimemwahidi usingizi. Amesema haya, Balaa (ndivyo anavyoniita tangu utotoni), lakini hili likiishia kama wale sungura arobaini waliotoroka siku moja, nitafute pa kuishi. Kisha akasonya. Hakuna anayesonya kama dada. Msonyo unaanza polepole, unapanda, unakata.

Mkao wa mti: nikasimama kwa mguu mmoja, nikamwangukia kinyozi. Mama mapacha akasema mti huu umeliwa na mchwa. Walichokipenda ni kulala tu. Hapo nikapata wazo.

Jumanne, 4 Machi

Nimebandika tangazo mlango wa chini wa jengo, penye macho ya kila mtu: kwa Bi Kengele mnalala dakika kumi, kwangu arobaini! Asubuhi hiihii wanafunzi wake sita wamempita mlangoni wakapanda ngazi kuja kwangu. Sasa ninao tisa. Kila mmoja nimempa mkeka wake wenye namba, unakaa kabatini. Dada namba moja, kinyozi namba mbili. Mpangilio!

Bi Kengele akapanda mwenyewe. Mfupi, mkavu, mkononi kile kikengele chake cha shaba anachokipiga mwisho wa somo. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Aliuliza swali moja tu: hawa nani anawarudisha? Nikamjibu wanarudi kwa miguu yao, ngazi si ipo? Akanitazama, akawatazama waliolala, akashuka ngazi.

Mwenye wivu ajinyonge.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo la dakika arobaini: mwalimu hana kazi. Watu tisa wamelala chali, mimi nimesimama kama mlinzi wa makaburi. Nikatoka kwenda kunywa chai. Vikombe viwili. Niliporudi walikuwa wameshaondoka, kila mtu kaamka alipojisikia. Si nilisema?

Mikeka ilibaki sakafuni. Kila mmoja una bonde: kisogo, mabega, makalio, visigino. Nikagusa. Ya moto, na dirisha lilikuwa wazi muda wote. Halafu kuikunja! Mkeka ambao juzi niliuinua kwa vidole viwili, leo nimeukumbatia kwa mikono yote na kiuno kikalia. Jasho, nadhani. Watu wana jasho jingi.

Lakini habari ya leo ni hii: dada amelala! Amerudi kutoka darasani, akajilaza kwenye kochi, akalala mpaka magharibi. Nilisimama mlangoni namsikiliza anavyopumua. Kusema kweli nililia. Huyu ndiye aliyenilea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa kinyozi. Hakusema neno. Hata salamu! Alininyoa upande wa kulia, kazi safi ajabu, kisha akaweka mashine chini, akakaa akitazama ukuta. Nikamuuliza upande wa kushoto je? Akasema upo. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi leo nina nusu. Nimevaa kofia.

Barabarani nikamwona mama mapacha. Wanawe walikuwa wameng'ang'ania sketi yake, mmoja kila upande. Akawapapasa vichwa, akawasifu kuwa ni watoto wazuri, akawaambia waende kwa mama yao asije akaingiwa na wasiwasi. Akajibandua, akaenda zake taratibu. Wale watoto hawakulia. Walibaki wamesimama palepale, wameshikana mikono. Nikawapeleka mwenyewe kwa bibi yao. Njiani nikajiambia: utulivu ndio huu, ndicho walichokitaka. Nilijiambia mara kadhaa.

Nyumbani, balaa. Kiwiko changu kimevunja kikombe cha bluu cha shemeji. Kile! Mwaka wa pili huu hakuna anayeruhusiwa hata kukifuta vumbi. Nikafumba macho nikangoja radi. Dada akachukua ufagio, akafagia, akatupa. Akasema vikombe viko vingi. Hakusonya.

Nilifurahi kama dakika moja hivi. Kisha furaha ikaisha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefika mapema kabla ya mtu yeyote. Kabati linapumua.

Si panya. Nimefuga sungura, wanyama nawajua. Ni pumzi za watu waliolala, ndefu, za tumboni, kama nilivyowafundisha. Nikafungua mlango wa kabati. Mikeka tisa, imekunjwa, imesimama wima. Basi. Namba mbili ulikuwa unanong'ona bila nukta, habari za fundi viatu na mke wa jirani yake. Nilisikiliza mpaka mwisho. Ni habari nzuri kwelikweli. Kisha nikaweka sikio kwenye namba moja. Kimya. Nikangoja.

Mkeka ukanisonya.

Polepole, ukapanda, ukakata. Nilishuka ngazi zote bila kugusa hata moja.

Wanafunzi walipofika nikawaambia mlangoni kwamba leo hakuna somo. Hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wote tisa waligeuka kwa pamoja, mguu wa kulia kwanza, wakaondoka. Dada alikuwa wa tatu kwenye mstari. Nilimwita. Hakugeuka.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango: nimrudishie dada mkeka wake, yaishe. Rahisi! Nikaubeba begani. Mzito kama mtu, na njia nzima unanisema. Eti natembea nimejikunja kama bawaba ya mlango. Eti kofia hii nimemwibia nani. Sijanywa chai, uso wote umenisinyaa. Watu walikuwa wanageuka. Nikaweka simu sikioni nikawa naitikia, ndiyo dada, sawa dada, nimesikia dada. Jasho lilinitoka, lakini moyo ulinitulia kidogo.

Dada alikuwa sebuleni, mikono mapajani. Nikautandika mkeka mbele ya miguu yake. Akainuka, akauruka, akaenda dirishani. Nikapiga sufuria kwa mwiko karibu na sikio lake. Nikamwambia nimepoteza ufunguo wa nyumba. Nikamwambia naleta sungura wengine, mia mbili, watalala chumbani kwake. Akatabasamu. Akaniuliza kwa upole kabisa kama mimi ndiye fundi wa bomba, maana la jikoni linavuja.

Nikalitengeneza bomba. Sikujua la kufanya lingine. Kisha nikakaa chini jikoni nikalia kwa sauti, mwanaume mzima, nusu kipara. Kutoka sebuleni mkeka ukawa unauliza ni nani huyo anayelia, na je, amekula?

Jumapili, 9 Machi

Nimefikiri sana. Bi Kengele anajua. Ningeweza kumwuliza. Lakini nimwulize vipi, baada ya lile tangazo? Nina heshima zangu. Nikaamua kumwibia kengele.

Dirisha la chumba chake linatazama ngazi za nyuma. Kichwa kikapita, mabega yakapita, kiuno kikakataa. Nikaning'inia pale, nusu ndani nusu nje, nusu saa nzima, mpaka akaja yeye mwenyewe na ufunguo. Akaketi kwenye kiti mbele yangu, akaniambia kwamba mkao huu nao nimeukosea.

Nikamweleza yote nikiwa dirishani. Hakushangaa. Alisema mtu ukimlaza mkao wa maiti umechukua dhamana yake. Mwili huamka wenyewe, mwili hauna shida. Kile kingine hungoja kuitwa. Kwa hiyo kila mtu alale tena juu ya mkeka wake, usibadilishe hata mmoja. Kengele mara tatu. Kisha umwite kila mtu kwa jina analoitwa na mtu anayemhitaji, ungoje, usiharakishe. Yaani hiyo ndiyo wiki ya sita! Wiki nzima kwa maneno hayo machache. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini nilikuwa bado nimekwama.

Aliuliza jambo moja la mwisho, kama mimi mwenyewe nimewahi kulala pale juu. Nikasema hapana, huwa niko kwenye chai. Akasema ashukuriwe Mungu. Akanivuta, akaniazima kengele.

Jumatatu, 10 Machi

Wote tisa wamekuja. Wanakuja tu, ukiwaambia wanakuja. Nikawalaza, mkeka kwa mkeka, namba moja nimeurudisha mwenyewe kwa mgongo wangu. Nikapiga kengele mara tatu. Kwa haraka zangu zikawa kama nne.

Nikamwita kinyozi kwa jina wanalomwita wateja wake, Redio. Akakaa ghafla, akamalizia sentensi aliyoiacha Jumatano katikati. Mama mapacha nikamwita Mama. Mara mbili, kwa sauti ndogo, kama wanavyoita wao. Akafumbua macho, akapiga ukelele, akashuka ngazi bila viatu. Mmoja mmoja wakarudi, wengine nikilazimika kurudia mpaka sauti ikakauka.

Dada akabaki wa mwisho. Nikaita dada. Kimya. Dada. Kimya. Nikapiga magoti, nikamwambia ni mimi, Balaa, nimeharibu tena, njoo uone. Sikumbuki nilingoja muda gani. Jua lilihama kutoka dirishani mpaka kwenye cheti.

Akasonya.

Sijawahi kusikia kitu kitamu hivyo! Akafumbua macho, akauliza nywele zangu zimepatwa na nini, kisha akauliza kikombe. Nikamwambia. Akanizaba kibao cha haki. Halafu akaanza kumlilia shemeji, palepale kwenye mkeka, asubuhi nzima, nami nimemshika. Usiku huu hatalala, najua. Amesema hata hivyo huzuni ile ni yake, asiiguse mtu, na yoga nisimtajie maishani.

Jumatano, 12 Machi

Kengele nimerudisha. Wanafunzi wote wamehamia kwa Bi Kengele. Chumba kitupu, nimebaki na mikeka tisa myepesi. Nimekaa nikawaza.

Na nimegundua jambo ambalo hata Bi Kengele hajaligundua. Kinachobaki mkekani si kibaya, ni muda tu ulizidi. Mimi, kwa mfano, nina aibu nyingi. Nina woga. Nina sungura arobaini kichwani. Mtu hawezi kufanya jambo kubwa na mizigo hiyo! Nikiilaza kwa saa moja tu, nikatoka mwepesi, nikaenda kuomba ukumbi mkubwa wa kufundishia kwa uso mkavu, kisha nikarudi kuichukua? Kengele ya nini, zama hizi? Nimerekodi kwenye simu: mlio mara tatu, kisha sauti yangu inaita Balaa, Balaa. Simu nitaiacha kando ya mkeka, nikirudi nalala, inaniita. Haiwezi kwenda kombo.

Chaji imebaki kidogo, lakini itatosha.

Alhamisi, 13 Machi

Leo ni Alhamisi. Nimeamka vizuri na hali ya hewa ni nzuri. Nimelikuta daftari hili mezani, nikaona si vibaya kuandika.

Sikukumbuka kwenda kuomba ukumbi wowote. Nimekaa dirishani tangu asubuhi. Kuna simu sakafuni, imezima. Mama mmoja amekuja mara mbili, na leo jioni amekuja na mama mwingine mfupi mwenye kengele. Ananiita Balaa, Balaa, huku analia, na ananiomba nilale chini kidogo tu. Nimemweleza kwa upole kwamba sina usingizi, na kwamba mtu wa jina hilo simfahamu. Amesonya. Msonyo wake ni mrefu, unapanda, kisha unakata. Amekataa kuondoka, amekaa mlangoni.

Nyuma yangu kuna mkeka unaoongea bila kupumzika. Unasema una mpango mpya, mkubwa kuliko yote, na safari hii hauwezi kwenda kombo. Nimeusikiliza mpaka mwisho. Ni mpango mzuri sana. Nimeukubalia.