Nilivyomwandikisha Mgongo

Jumatatu, 3 Machi
Mjukuu wangu kaanguka tena hesabu za takwimu. Kabakiwa na mtihani wa marudio Jumatano ijayo. Akianguka huo, chuo kinamtoa. Nilimuuliza kisa nini, akainamia daftari lake. Sina haja ya jibu lake! Nimefagia ukumbi wa chuo chao miaka ishirini na miwili, mwalimu wake namjua. Wanafunzi wanamwita Mgongo, maana uso wake hawajauona. Anaongea na ubao, na ubao wenyewe umemchoka.

Leo nilikuwa nafuta madirisha ya chumba cha mikutano. Wakubwa wanapanga kituo cha chuo kizima, cha kuwasaidia wahadhiri wafundishe vizuri. Makubwa! Mtu kasoma mpaka upara umeota, kumbe kufundisha hakufundishwa. Mama Mwenyekiti akasema hawatamlazimisha mtu. Anayetaka msaada ajiandikishe kwenye karatasi pale mlangoni. Nusura nicheke. Msomi gani atajianika?

Jumanne, 4 Machi
Karatasi tupu, kama nilivyosema. Basi nimemwandika Mgongo. Jina lake nimelinakili mlangoni kwake, herufi moja moja, ulimi nje. Sahihi nimezungusha tu kalamu. Za wasomi ndivyo zilivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu maradhi yake yatamfukuzisha mtoto wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nilitaka asaidiwe kimyakimya. Wapi! Mama Mwenyekiti kampongeza mbele ya wahadhiri wote: ndiye wa kwanza kujitokeza, shujaa. Makofi ukumbi mzima. Mgongo kafungua mdomo akanushe, kisha kaufunga. Nani anayakataa makofi? Jumatatu Mama Mwenyekiti na wenzake watakaa darasani wamtazame akifundisha.

Mjukuu kaiona karatasi, kaujua mwandiko wangu. Kanijia juu. Ati, bibi wewe, huyu akijua ni nani, hasira zake zitatuishia sisi! Nikamwambia nilimlea mama yake, nikamlea yeye, mpango wa karatasi moja haunishindi. Usingizi umenipaa, lakini hilo sikumwambia.

Ijumaa, 7 Machi
Mchana nimemkuta Mgongo peke yake ukumbini, anavihutubia viti. Uso mbele! Kumbe uso anao, tena mzuri, ila umejaa woga. Kaniona na ndoo. Nikajua leo nimepatikana.

Akaniomba niketi. Mama, nisikilize, usipoelewa nikatize. Nikakalia kiti cha mbele. Miaka yote hiyo nakifuta, leo ndiyo nakikalia. Akasema wastani ni kama ndoo tatu, moja imejaa, moja nusu, moja tupu. Ukiyasawazisha maji, kila ndoo inakuwa nusu. Nimeelewa! Mimi, niliyeachia darasa la nne!

Halafu akaniuliza ni wapi sijaelewa. Nikaificha mikono. Mwalimu wetu wa zamani aliuliza hivyo ili ajue wa kumchapa. Huyu kauliza, kangoja. Labda hicho kituo chao ni hicho tu, mtu akuulize kisha angoje. Majengo ya nini?

Jumapili, 9 Machi
Nimemfundisha mjukuu wastani kwa ndoo tatu. Sebule imelowa, mkeka tumeuanika. Akasema wastani anaujua tangu shule ya msingi, bibi, ninapokwama ni kwingine. Nikamwambia mwanafunzi mzuri hamkatizi mwalimu. Tukarudia ndoo mara nne. Mara ya tano akasingizia kichwa.

Ijumaa, 14 Machi
Kafaulu! Sitini na moja! Chuo hakimtoi! Nimepiga vigelegele mpaka jirani kaja kuuliza nani kaolewa.

Mjukuu anasema Jumatatu Mgongo aliwageukia, akauliza nani kakwama, akangoja. Mikono yote chini. Akangoja tena. Mjukuu akanyoosha wake, mara ya kwanza tangu aingie chuo. Nikamkata hapo hapo: ni ndoo zangu hizo! Akaomba anieleze alichouliza. Nikamwambia asijichoshe, nakijua. Kesho namwendea Mama Mwenyekiti. Kituo kinahitaji mtu anayejua kusikiliza, na chuo kizima simwoni mwingine.

Mjukuu akanishika mkono, akasema jambo refu, taratibu, machozi yakimlengalenga. Sikulipata vizuri. Nilikuwa bado namweleza.