Mfuko wa Maji wa Kobe

Jumatatu, 4 Machi
Msasa tena. Vumbi la faiba ya maboti limeingia hadi kwenye mkate. Msimamizi katangaza: atakayefunga vizuri kipima kina cha maji kwenye boti ya daktari wa meno ndiye fundi wa vipimo, na atatoka bandani ahamie chumba chenye mlango. Chumba cha kuletea mke! Mama watoto aliniambia juzi kwenye simu kwamba amechoka kuolewa na sauti.
Kazi kapewa Kobe. Kobe! Mtu anayepuliza chai iliyokwisha poa.

Jumanne, 5 Machi
Jicho la kipima hubandikwa ndani, sakafuni, lisikilize kina kupitia faiba. Boti haitobolewi. Rahisi! Lakini Kobe anataka boti ishushwe majini kwanza, aweke jicho juu ya mfuko wa plastiki uliojaa maji, ahamehame nao mpaka apate pa kubandika. Eti pengine ndani ya faiba mna sponji, sauti haipiti. Nikamuuliza kama anapima kina au anaogesha mtoto.
Alipokwenda kula nikabandika mwenyewe. Mbele, pakavu, pazuri. Gundi tele!

Jumatano, 6 Machi
Boti majini. Kioo kinaonyesha vistari tu. Sponji! Na gundi imeshakuwa jiwe. Nikabonyeza kila kitu. Ikatokea ile picha ya dukani ya kuvutia wateja, isiyopima kitu: mita kumi na mbili, samaki wanapita. Msimamizi akanipiga begani, akaniita fundi. Kobe akauliza nimejaribu saa ngapi. Akaambiwa aache wivu.

Alhamisi, 7 Machi
Majaribio. Msimamizi kwenye usukani, macho kwenye kioo. Kobe mbele na kamba. Mita kumi na mbili. Samaki yule yule mnono. Niliona maji yanabadilika rangi. Lakini fundi hapingani na kipima chake.
Mwamba! Kobe akarushwa kama gunia, mkono ukabanwa kati ya boti na jiwe. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Na kioo, tukiwa juu ya jiwe, bado mita kumi na mbili.  

Ijumaa, 8 Machi
Mkono wa Kobe hautashika kitu tena. Anarudishwa kwao. Msimamizi kaapa kwamba mashine ilikuja mbovu. Nikaitikia kwa kichwa pamoja naye. Kobe kanitazama sana, kisha kanipa mfuko wake. Kasema kaka, utakufaa.

Jumamosi, 16 Machi
Nimehamia chumbani. Mlango unafunga! Boti imezibwa, kipima kipya nimebandika asubuhi, nchi kavu, pale pale pakavu. Msimamizi kauliza kama nimejaribu kwanza. Nikamwambia hayo ni ya waoga. Kosa lilikuwa wale samaki: walimshughulisha mno. Safari hii nimechagua picha isiyo na samaki.
Mama watoto anafunga mizigo. Kesho daktari wa meno anatoka na boti yake, na wanawe wote ndani.
Mfuko wa Kobe hauvuji. Nimetia sabuni yangu ya kuogea.