Halwa ya Chuo Kikubwa

Musallam, ambaye sisi wa pale kwa Mahrous tunamwita Redio, aliingia mkahawani na gazeti kalinyanyua juu kama bendera.

"Mmesikia? Waliopata nafasi vyuo viwili, leo ndiyo mwisho wa kuchagua, mtu aende mwenyewe kujiandikisha. Ikiadhiniwa adhuhuri, khalas!"

Sote tukamtazama Ami Yaqoob. Binti yake Radhia kapata kote kuwili: chuo kikubwa cha Maskati, na hiki kidogo kilichofunguliwa hapa Ibra, nyuma ya maduka ya matairi. Ami Yaqoob hakungoja kumuuliza. Siku ile ile majina yalipotoka alinunua halwa akaigawa mtaa mzima, nyingine akaipeleka kwa jamaa Fanja na Sur. "Halwa ya Maskati," akisema kila mlangoni. Hata sisi tulipata bakuli letu, na robo yake ilikuwa bado ipo mezani.

"Basi pana la kuchagua hapo?" alisema Thani. Yeye tunamwita Bujumbura, kwa kuwa huko ndiko alikozaliwa na mpaka leo anatulinganishia nako kila kitu. "Chuo cha Maskati, bwana, lango lake tu wanapita ngamia watatu sambamba."

"Kwani Radhia anakwenda kusomea ngamia?" Redio akauliza.

Ami Yaqoob akakohoa. "Mtoto anataka hiki cha hapa."

Kidole cha Thani kikasimama ndani ya halwa.

"Hiki? Ya akhi, hiki ukipiga chafya darasani, mkuu wa chuo anakuombea rehema kutoka ofisini kwake!"

"Anataka kujifunza kutengeneza kompyuta. Anasema hapa wako kumi na wawili, kila mmoja anafungua mashine kwa mkono wake. Kule wako mia; mmoja anafungua, wengine wanatazama visogo."

"Lakini visogo vya Maskati," alisema Thani. "Visogo vya heshima."

Wakanigeukia mie, maana chuo hicho kikubwa nimekimaliza juzi juzi, na jina langu la pale ni Digirii.

"Sema, Digirii. Umefaidi nini?"

"Nimefaidi mengi, Ami. Maktaba, marafiki. Ila mwalimu wangu wa miaka minne, siku ya kuagana, alinishika mkono akaniambia, 'Nitakukumbuka sana, Yazeed.'"

"Enhe?"

"Naitwa Zuhair."

Walicheka mpaka Mahrous akaweka dele la kahawa chini. Mie sikucheka. Nikamwinamia Ami Yaqoob.

"Ami, mie nilikwenda kwa kuwa wenzangu walikwenda. Radhia anajua anachokitaka. Mwache aishike mashine yake."

"Leteni mimbari!" Redio akapiga kelele. "Digirii anahutubu!"

"Nyie chekeni tu," alisema Ami Yaqoob. "Halwa imeshaliwa. Fanja wamekula, Sur wamekula. Shemeji yangu kanipigia simu mara tatu kunipa mabruk na hongera. Nimwambieje, aitapike?"

"Yangu mie haitoki," Thani akajipapasa tumbo.

"Na kikiwa chuo kidogo," akauliza Redio, "turudishe nusu?"

Nje, Radhia alikuwa ndani ya gari la baba yake. Hakupiga honi. Kapakata mkoba wake, anatazama mbele, macho mekundu. Ami Yaqoob alimtazama kitambo. Kisha akatikisa kikombe chake, ishara ya kuwa kahawa imemtosha, akamrudishia Mahrous na kutoka.

Tukaziinua shingo zetu dirishani. Pale njia panda, kushoto ni Maskati, kulia ni maduka ya matairi. Gari likafika. Indiketa ikawaka kushoto.

"Maskati!" Thani akapiga meza. "Nilisema mie!"

Moyo ukanishuka. Gari lilisimama pale muda mrefu, linakonyeza kushoto, kushoto, kushoto. Halafu likakata kulia. Likaenda polepole, indiketa ya kushoto bado inakonyeza, likapotea nyuma ya maduka ya matairi.

Redio akalikunja gazeti lake.

"Thani, umeiona indiketa?"

"Nimeiona. Ya Maskati."

"Digirii?"

"Maskati, Redio," nikasema.

"Basi Sur wakituuliza, tumeona kwa macho yetu." Redio akalivuta bakuli. "Haya, tuimalize hii, kabla nayo haijahama chuo."